Waliujua Ubavu Wangu

"Ubavu wa kushoto, siyo?"

Hapo ndipo nilipowaacha Jumapili iliyopita. Aliyesema hivyo ni msichana ambaye hata salamu sikuwahi kupeana naye, Rozi wa timu ya Saza. Alininong'oneza sikioni tukiwa tumejipanga kusubiri mrusho huru, robo ya pili ndiyo kwanza inaanza. Kabla sijamjibu, kiwiko chake kilishanizama ubavuni.

Kwa wewe uliyelishika gazeti leo kwa mara ya kwanza, mimi ni Ferista, mzaliwa wa Isansa kule Mbozi, mtoto wa wakulima wa kahawa. Nacheza mpira wa kikapu wa kulipwa katika timu ya wanawake ya Mpakani Queens, Tunduma. Timu ni ya Bosi Gibson, mtu wa malori. Ndiye aliyenitoa kwenye mashindano ya sekondari, akanipa chumba cha peke yangu wakati wenzangu wanalala wanne wanne, akachoresha uso wangu kwenye mabodi ya malori yake.

Mwezi uliopita, mechi ya Vwawa, nilivunjwa ubavu mmoja. Waliojua tulikuwa wanne tu: mimi, Kocha Edson, nahodha wetu Nesta aliyenisindikiza kupiga picha ya mfupa, na Bosi. Daktari alisema nipumzike mpaka mfupa uunge. Kocha akasema nifungwe bandeji chini ya jezi, na mdomo ufungwe pia.

Sasa Rozi wa Saza alijuaje?

Nililala chali pale kwenye zege nikitafuta pumzi. Ukipigwa pale palipovunjika, maumivu hayaji mara moja. Kwanza hewa inakwisha, dunia inakuwa kimya, halafu ndiyo moto unawaka.

Nilimtafuta mwamuzi kwa macho. Alikuwa ananitazama. Filimbi ilikuwa mdomoni mwake. Haikulia.

"Inuka malkia!" watu walipiga kelele upande wa barabarani.

"Muache aonje!" mwanamke mmoja akajibu. "Kazoea kudekezwa huyo!"

Wakacheka. Uwanja ulikuwa umejaa mpaka watu wamekaa juu ya ukuta. Wengine walivuka mpaka kutoka Nakonde, upande wa Zambia, wanashangilia kwa Kibemba.

Nesta alikuja akapiga magoti karibu yangu. Nikajua anataka kuniinua. Badala yake alinikandamiza bega.

"Usiinuke," alisema kwa sauti ya chini.

"Nini?"

"Lala hapo hapo. Shika ubavu, lia, wakubebe wakutoe. Ukiinuka watakumaliza."

Nilimtazama machoni. Nikakumbuka kwamba kabla sijaja Tunduma, yeye ndiye aliyekuwa akipewa mipira yote. Nikakumbuka pia kuwa ni mmoja wa wale wanne.

Nikajisemea, kumbe ni wewe.

Niliusukuma mkono wake, nikainuka.

Uwanja ulilipuka. Watu walirukaruka, wakapiga vigelegele, wakagonga madebe. Pale kwenye viti vya wakubwa Bosi Gibson alikuwa amesimama. Jambo moja lilinishangaza. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anawatazama watu, anageuza kichwa polepole kutoka upande huu hadi ule, kama mkulima anayekagua shamba lililopata mvua.

Rozi alinipiga tena robo ya tatu. Akanipiga tena robo ya nne, palepale. Faulo ilitolewa mara moja tu, na ilitolewa dhidi yangu.

Tulishinda kwa kikapu changu cha mwisho. Wenzangu walinikimbilia. Nilitema mate chini, nikaona ni mekundu, nikayafuta kwa soli ya kiatu kabla hawajaona.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo sikusubiri hata kuvua viatu.

"Nesta!"

Aligeuka. Nilimpiga kibao cha nguvu.

"Umeniuza," nilisema. "Umewaambia watu wa Saza ubavu wangu uko wapi."

Nilitegemea arudishe. Nesta ni mtu mzima kwangu, ana mkono wa kupasulia kuni. Hakurudisha. Alilishika shavu lake, akawaambia wengine, "Tokeni kidogo."

Wakatoka.

"Umeshamaliza?" aliniuliza.

"Bado."

"Basi kabla hujaendelea, tazama hapa."

Alipandisha jezi yake. Upande wa kulia, chini ya kifua, palikuwa pamebonyea kama sufuria iliyoangushwa. Juu yake lilipita kovu refu la kushonwa.

"Unajua ni nani alichorwa kwenye malori yale kabla yako?"

Macho yangu yalikuwa bado kwenye kovu.

"Mimi. Chini ya rangi ya uso wako kuna uso wangu. Chumba unacholala ni mimi nilikuwa nalala. Na mimi nilipigwa mechi nane mfululizo mahali pamoja, na kila nilipoinuka watu waliongezeka uwanjani. Siku nilipolala nisiinuke, niliamkia wodini. Nilipotoka, fundi rangi alishamaliza kazi yake."

"Nani alikuwa anawaambia?"

"Mimi sikusikia kwa masikio yangu, kwa hiyo sitamtaja mtu." Alishusha jezi. "Muulize aliyekupiga. Timu yao inalala hapa mjini, gari lao bovu."

Kesho yake asubuhi nilimkuta Rozi kwa mama ntilie mmoja kando ya foleni ya malori ya mpakani. Alikuwa peke yake, anakunywa chai kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umevimba kiwiko.

Aliponiona alitaka kuinuka akimbie.

"Kaa," nilimwambia. "Sijaja kupigana. Hata nikitaka siwezi, kupumua tu shida."

Alikaa. Macho yake hayakutoka kwenye kikombe.

"Dada, nisamehe."

"Nani alikuambia ubavu wa kushoto?"

"Kocha wetu."

"Na yeye aliambiwa na nani?"

Rozi alitazama huku na huku. Madereva wawili walikuwa wanabishana kuhusu zamu ya foleni, hakuna aliyetujali.

"Alipigiwa simu kabla ya mechi. Akaweka spika ili mimi na wenzangu tusikie wenyewe. Ni sauti ya mtu mzima, mpole. Alisema, 'Ubavu wa kushoto, chini kidogo ya kifua. Lakini asiguswe robo ya kwanza. Watu wawe wameshakaa.'"



"Uliitambua sauti?"

"Kila mtu wa Saza anaitambua, dada. Ndiye anayetupa viatu. Ndiye anayetupa gari la kuja huku."

"Mtaje."

"Bosi wako. Bosi Gibson."

Chai yake ilikuwa imepoa, lakini aliendelea kuipuliza.

"Kwa nini ulikubali?" nilimuuliza.

"Kabla ya mpira nilikuwa naponda mawe ya dhahabu Saza. Mama yangu bado anaponda mpaka leo. Kocha alisema asiyetaka arudi kwenye mawe." Alinyanyua macho kwa mara ya kwanza. "Dada, Jumamosi tunarudiana. Usije. Vunjika mguu, ugua, fanya lolote. Usije."

Nilikwenda moja kwa moja ofisini kwa Bosi. Njiani nilijipanga maneno makali. Nilipofika, alikuwa amekaa na Kocha Edson wanakunywa soda. Bosi aliponiona alisimama, akanivutia kiti kwa mkono wake mwenyewe.

"Mwanangu Ferista! Ubavu unaendeleaje?"

"Bosi, wewe ndiye unayewaambia wanipige wapi?"

Kocha Edson alitazama chupa yake. Bosi hakushtuka. Alifunga mlango taratibu, akarudi akakaa.

"Nani kakwambia?"

"Hakuna."

"Nani kakwambia, mwanangu?"

Aliuliza kwa upole uleule, lakini nilielewa kwamba nikimtaja Rozi, Rozi amekwisha.

"Nimehisi mwenyewe," nilisema.

"Sawa." Alifuta vidole kwa kitambaa. "Nikuulize na mimi. Mwaka ule kabla hatujakuchukua, uwanja huu ulikuwa na watu wangapi? Mbuzi walikuwa wanapita katikati ya mechi. Wasichana walikuwa wanafunga vikapu vizuri tu, nani alikuja? Watu hawaji kukuona ukifunga, Ferista. Wanakuja kukuona ukianguka. Halafu ukiinuka, hata yule aliyekuwa anakuchukia analia. Umeshawahi kumwona mtu mzima analia kwa sababu yako? Mimi nimewaona."

"Na nisipoinuka?"

"Utainuka. Ndiyo maana nilikuchagua."

"Kocha," nilimgeukia Edson. "Na wewe ulijua?"

Kocha Edson ndiye aliyenifunga bandeji kila mechi. Ndiye aliyekuwa ananiambia, pole, pumua taratibu, binti yangu. Sasa alisafisha koo, akasema, "Nenda kapumzike, Ferista. Jumamosi ni ngumu."

Nikajua sina mtu.

"Sichezi," nilisema.

Bosi alitabasamu. Alinisindikiza mpaka mlangoni ameniwekea mkono begani, upande wa kushoto, kwa uangalifu kama mtu anayeshika yai.

"Wazazi wako watakaa na mimi mbele Jumamosi," alisema. "Nimeshatuma gari Isansa. Mama yako alifurahi sana."

Nilikimbilia chumbani, nikafungasha begi. Nikampigia mama nimwambie asije, mimi ndiye ninayekuja nyumbani.

"Mama, msipande gari la Bosi."

"We mtoto, tumeshapewa na fulana zenye picha yako! Kanisa zima linajua tunakuja. Baba yako mgongo unamsumbua, atabaki na ng'ombe, lakini mimi na Ikupa tunakuja."

Ikupa ni mdogo wangu. Amemaliza kidato cha sita mwaka huu, mrefu kunipita, na mpira wa kikapu nilimfundisha mwenyewe uani kwetu kwa kutumia ringi ya baiskeli.

"Mama, nisikilize. Huku wananiumiza kwa makusudi. Bosi mwenyewe ndiye anayewatuma."

Nilisikia kuku tu wakilia nyuma yake. Nikafurahi, nikadhani amenielewa.

"Alituambia utasema hivyo," mama alisema.

"Nani?"

"Bosi wako. Alikuja mwenyewe hapa nyumbani, akakaa kwenye kigoda kama mtu wa kawaida. Alisema, mama, nyota wote hufika mahali wakaogopa, wakaanza kuona kila mtu anawachukia. Akasema ukianza maneno hayo tusikukaripie, tukutie moyo. Basi jikaze, mwanangu. Tunakuombea."

Mama hajawahi kunidanganya, na mimi sijawahi kumdanganya. Lakini siku ile aliniaga kwa sauti ya mtu anayembembeleza mgonjwa.

Begi nililifungua tena. Ningekimbilia wapi, wakati mama yangu analetwa kwenye kiti cha mbele?

Jumamosi ilifika. Mchana wote madereva walikuwa wanaegesha malori wanakuja kwa miguu. Nilipoingia uwanjani na wenzangu, mama alikuwa amekaa mkono wa kuume wa Bosi, amevaa fulana yenye uso wangu juu ya gauni lake la kanisani. Ikupa alikaa pembeni yake, amejifunika khanga mabegani. Alinipungia mikono yote miwili.

Nilikwenda kwenye kamba ya kuwazuia watazamaji, nikajaribu mara ya mwisho.

"Mama, twende nyumbani. Sasa hivi. Twende."

Aliniwekea mkono shavuni. "Umekonda," alisema. "Ukimaliza kucheza tutakula."

Bosi aliinama kutusikiliza, akacheka kidogo na mama, kama ndugu.

Filimbi ya kuanza ilipolia, mpira ulirushwa juu. Wote waliuangalia mpira. Mimi nilitembea mpaka katikati ya uwanja, nikakaa chini.

Nilikaa kabisa, miguu nimeikunja kama mtu anayechambua maharage.

Saza waliuchukua mpira, wakafunga bila kuzuiwa. Watu wakacheka wakidhani ni mbwembwe. Wakafunga tena. Kicheko kikapungua.

"Inuka!" mtu mmoja alifoka.

"Inuka bwana, tumetoka mbali!"

Chupa ya maji iliruka ikaniangukia karibu. Mwamuzi alinijia, akaniambia nikikaa hapo atanitoa. Nikamwambia anitoe.

Kisha nikasikia mtu anajishusha kando yangu, anaguna kwa uzito.

"Sogea," alisema Nesta.

Nilisogea. Hatukutazamana. Bega lake liligusa langu. Mwenzetu mmoja akaja akakaa. Kisha mwingine. Kisha wa mwisho. Watano wote tukawa chini, tumegusana migongo, na watu wa Saza wamesimama na mpira hawajui waufanyie nini.

Uwanja mzima ulikuwa unazomea. Ajabu ni kwamba sikuogopa tena. Nilisema moyoni, hebu tuone sasa utamwangusha nani, Bosi. Aliyekwisha kukaa chini haangushwi.

Nikageuza kichwa nimwone amekasirika.

Hakuwa amekasirika. Alikuwa amesimama, anampokea mtangazaji kipaza sauti, ana tabasamu lile lile la ofisini.

"Ndugu zangu wa Tunduma," alisema. "Wageni wetu wa Nakonde. Nyota wetu amechoka. Ni binadamu, tumsamehe."

Watu wakazomea zaidi. Alinyanyua kiganja, wakanyamaza.

"Lakini mnadhani Isansa wana binti mmoja tu?"

Sikuelewa. Nawaapia wasomaji wangu, mpaka hapo sikuelewa. Nilimwona tu akigeuka, akimpa mkono mtu aliyekaa pembeni ya mama.

Ikupa alisimama. Khanga ikadondoka. Alikuwa amevaa jezi ya Mpakani Queens, mpya, na viatu vya mpira miguuni. Tangu asubuhi alikuwa amevivaa.

"Usajili wake ulishapita," Bosi alisema kwenye kipaza sauti. "Ilikuwa zawadi ya kumshtukiza dada yake. Mpigieni makofi!"

Mwamuzi hakuuliza kitu. Alinionyesha kidole cha kutoka, akamwonyesha Ikupa kidole cha kuingia.

Na mama yangu, mama yangu mzazi, alisimama kwenye kiti cha mbele akapiga vigelegele.

"Ikupa, toka!" nilipiga kelele. "Rudi!"

Watu walikuwa wanashangilia mno, hakunisikia. Aliingia anakimbia, anacheka meno yote nje, akaruka kamba bila kuigusa. Nilijaribu kusimama. Ubavu ulinikata, nikarudi chini kwa magoti. Nesta naye alijaribu kunishika akanikosa.

Nikamwona Rozi. Alikuwa amebaki peke yake karibu na mstari, amekishika kiwiko chake kilichovimba, anamtazama mdogo wangu akimkaribia. Nilimtazama kwa macho ya kumwomba. Nadhani aliyaona.

Ikupa alisimama mbele yake. Ni mtoto aliyelelewa na mama yangu. Aliinama kidogo, akamnyooshea mkono.

"Shikamoo, dada," alimwamkia.

Rozi hakuupokea ule mkono. Aligeuka taratibu kulitazama benchi lao, na kocha wao akaitikia kwa kichwa.